Kwanini watu wazima walirushia mawe mabasi ya watoto Boston?

Swali: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni mtu wa Tanga, naishi Dorchester hapa Boston mwaka wa sita sasa. Mwanangu yuko darasa la tatu shule ya serikali, darasani kwao mzungu ni mmoja tu, waliobaki ni weusi na Walatino. Nikitoka hapa na gari kama dakika 25 naingia mji mwingine, shule nzuri hizo usiseme, na watoto karibu wote wazungu. Sisi shuleni tuliambiwa mahakama ya Marekani ilifuta shule za ubaguzi mwaka 1954. Nina jirani, bibi mmoja mweusi wa hapahapa, kila nikimgusia habari za shule ananiambia usinitajie mabasi. Mabasi gani hayo, na yalifeli nini? Na je nimwandikishe mtoto kwenye ule mpango wa METCO wa kupelekwa shule za nje ya jiji?"

Marahaba dada yangu. Huyo bibi mheshimu sana, manake kama ana miaka sitini na kitu basi inawezekana kabisa alikuwa ndani ya hayo mabasi mwenyewe, msichana wa shule na daftari zake mapajani, mawe yanapiga vioo. Swali lako ni maswali matatu, na hilo la katikati (yalifeli nini) ndo karibu kila mtu analikosea, wakiwemo Wamarekani waliozaliwa humohumo, kwa hiyo nivumilie nitakuwa mrefu kidogo.

Ulichofundishwa ni kweli. Tarehe 17 Mei 1954 Mahakama ya Juu ilisema, majaji wote 9 bila hata mmoja kupinga, kwamba kuwatenga watoto shuleni kwa rangi ni kinyume cha katiba. Kesi inaitwa kwa jina la Brown, baba mmoja wa Topeka, Kansas, ambaye binti yake alikuwa anaipita shule ya jirani kwenda ya mbali kwa sababu tu ni mweusi, ila kiukweli zilikuwa kesi kadhaa zimefungwa pamoja, na nyingine ilianzia kwa wanafunzi wenyewe, Virginia mwaka 1951, binti wa miaka 16 anaitwa Barbara Johns aliwatoa wenzake darasani wakagoma kwa sababu ya madarasa ya mbao na karatasi za lami. Wakili mkuu alikuwa Thurgood Marshall. Huyu mzee ana historia na kwetu pia, manake mwaka 1960 Tom Mboya alimwalika awe mshauri wa ujumbe wa Waafrika wa Kenya kwenye mkutano wa Lancaster House kule London, na akawaandikia rasimu ya haki za raia ambayo ndani yake aliwalinda hata walowezi wa kizungu na Wahindi wasinyang'anywe mali bila fidia. Mtu aliyetoka kupigwa danadana na wazungu wa Mississippi anakaa kuandika kinga ya wazungu wa Nairobi! Mweke akilini, atarudi huko chini.

Tatizo lilianza mwaka uliofuata. 1955 mahakama ileile ilitakiwa iseme sasa utekelezaji uanze lini, na badala ya kutaja tarehe ikasema ifanyike kwa kasi yote ya busara. Sasa dada, wewe umejenga, mwambie fundi akumalizie nyumba kwa kasi yote ya busara uone kama utahamia kabla hujastaafu. Wanasiasa wa Kusini walielewa ujumbe palepale. 1956 wabunge na maseneta 101 walisaini waraka wa kupinga hukumu. 1957 Little Rock, Arkansas, gavana Orval Faubus alipanga askari wa akiba mlangoni kuzuia wanafunzi 9 weusi, mpaka rais Eisenhower akalazimika kupeleka kikosi cha 101 cha askari wa miavuli, jeshi kamili, kuwasindikiza watoto darasani, na mwaka uliofuata Faubus akaona bora afunge sekondari zote za mji kuliko wachanganyike. Virginia kulekule kwa Barbara Johns, kaunti ya Prince Edward, walifunga shule za serikali kuanzia 1959 hadi 1964, miaka mitano, watoto wa kizungu wakafunguliwa shule binafsi na watoto weusi wengi wakakaa nyumbani. Hii ndo sehemu inayojulikana, ndo ipo kwenye picha, na mimi siipendi sana kuikalia muda mrefu kwa sababu inampa kila mtu wa Kaskazini raha ya kusema wabaya walikuwa wale.

Ila kuna kitu kimoja cha Kusini lazima ukijue. Kufika 1964, miaka 10 baada ya hukumu, kwenye yale majimbo 11 yaliyoasi enzi za vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, watoto weusi waliokuwa wanasoma na wazungu walikuwa hawafiki 3 kati ya 100. Miaka kumi ya hukumu, makelele, wanajeshi, na hawafiki 3. Halafu ghafla mambo yakaenda mbio, na sio kwamba watu waliokoka, ni hela: sheria ya haki za kiraia ya 1964 ilisema taasisi inayobagua haipati fedha za serikali kuu, na 1965 Bunge likamwaga fedha nyingi kwa mara ya kwanza kwenye shule za msingi na sekondari, kwa hiyo mkurugenzi wa shule wa kijijini Alabama akawa na chaguo, ubaguzi au bajeti. Wengi walichagua bajeti huku wananuna. Baadaye 1968 na 1969 mahakama nayo ikachoka na janjajanja ikasema sasa hivi, sio kesho. Kufika miaka ya sabini katikati shule za Kusini zilikuwa zimechanganyika kuliko za Kaskazini, jambo ambalo ukilisema kwenye sherehe ya watu wa Boston watakukatalia mpaka utoe karatasi.

(Na gharama yake hawaisemi. Shule za weusi zilipofungwa walimu wake wengi hawakuhamishwa pamoja na watoto. Hesabu inayotajwa siku zote ni walimu na wakuu wa shule weusi kama 38,000 waliopoteza kazi kwenye majimbo 17 kati ya 1954 na 1965. Wazee wengi weusi wakikwambia walipenda shule yao ya zamani usidhani wanautetea ubaguzi, wanamkumbuka mwalimu aliyekuwa anamjua mama yao.)

Sasa njoo Kaskazini, njoo Boston kwako. Huku hakukuwa na bango la weusi marufuku. Huku ubaguzi ulikaa kwenye ramani. Benki zilikuwa hazitoi mikopo ya nyumba kwa mitaa ya weusi, madalali wana mitaa yao ya kumwonyesha mweusi na ya kumwonyesha mzungu, nyumba za serikali zimegawiwa kwa rangi, halafu bodi ya shule inakuja kuchora mipaka ya nani anasoma wapi juu ya mitaa hiyohiyo na kusema jamani sisi hatubagui, mtoto anasoma jirani na kwao. Na wanasiasa walijua wanachofanya. Ile sheria tukufu ya 1964, ukiisoma pale inapotafsiri maana ya kuondoa ubaguzi shuleni, kuna kipengele kinasema haina maana ya kuwapangia wanafunzi shule ili kusawazisha rangi. Hicho kipengele kiliwafaa sana wabunge wa New York na Chicago, manake kwao ndo hali ilikuwa hivyo. Mkuki kwa nguruwe.

New York yenyewe, tarehe 3 Februari 1964, zaidi ya wanafunzi 460,000 walisusia shule siku moja kudai shule zichanganywe, na mratibu wake alikuwa Bayard Rustin, huyohuyo aliyepanga yale maandamano ya Washington ya 1963 alipohutubia Martin Luther King. Kwa idadi mgomo huu ulikuwa mkubwa kuliko yale maandamano. Umewahi kuusikia? Mwezi uliofuata wazazi wa kizungu, kama 15,000, wengi akina mama, waliandamana juu ya daraja la Brooklyn kupinga mpango mdogo tu wa kubadilishana shule chache. Kamera zikawapenda hao, na jiji likawasikiliza hao.

Boston ikawa hivyohivyo ila taratibu, kama ugonjwa wa meno. Juni 1963 Ruth Batson wa NAACP, chama cha kutetea haki za weusi, alikwenda mbele ya kamati ya shule ya jiji na ushahidi wake, madarasa yamejaa, vitabu chakavu, fedha kidogo kwa shule za weusi. Wajumbe wakagoma hata kulitamka neno lenyewe la utengano. Aliyekuwa anaongoza kugoma ni Louise Day Hicks, mama wa South Boston, binti wa jaji, ambaye kabla ya hapo hakuwa hata na sifa ya siasa kali, ila aligundua kitu ambacho wanasiasa wa kila nchi hugundua siku moja: ukisema hapana kwa sauti kubwa kura zinakuja zenyewe. Kaulimbiu yake ilikuwa mnajua ninaposimama, basi, hajasema anasimama wapi lakini kila mtu kaelewa. 1967 aligombea umeya akakosa kwa kura chache, 1970 akaingia Kongresi.

Sasa hapa ndo penye utamu wa hadithi na nakuomba uninyamazie kidogo. Mabasi ya kwanza Boston ya kupeleka watoto weusi shule za wazungu hayakuamriwa na jaji yeyote. Yalikodiwa na akina mama weusi wa Roxbury, 1965, wakiongozwa na Ellen Jackson na wenzake, walikuwa wamegundua kanuni ya jiji inasema mtoto anaweza kusoma shule yoyote yenye nafasi mradi ajipeleke mwenyewe, wakachangishana, wakauza vyakula, wakakodi mabasi na magari, wakayaita safari ya kutoka Misri. Kwa hiyo siku ukisikia mtu anasema weusi walilazimishwa mabasi, muulize, hao waliopika keki ili walipe dereva walilazimishwa na nani? Mwaka uliofuata, 1966, ikazaliwa METCO unayoniulizia, mpango wa hiari wa kupeleka watoto miji ya pembeni iliyokubali kuwapokea.

Mwaka huohuo wa 1965 jimbo la Massachusetts lilipitisha sheria kwamba shule ikiwa na zaidi ya nusu ya wanafunzi wasio wazungu basi haina uwiano na irekebishwe. Jimbo la kwanza nchini kufanya hivyo, watu wakapigiana makofi. Lakini isome tena hiyo sheria polepole. Shule yenye weusi 51 kwa 100 ni tatizo. Shule yenye wazungu 100 kwa 100 haina tatizo, sheria haiioni kabisa. Maana yake wabunge wa miji ya pembeni walipiga kura ya ndiyo kwa sheria ambayo haiwezi kuwagusa wao hata ukucha, itagusa Boston tu na miji mingine michache, wakarudi nyumbani wamelala vizuri. Nimewahi kukaa kwenye mkutano wa wananchi wa mji mmoja wa hivyo, sitautaja, walikuwa wanajadili kujengwa apatimenti za kipato cha chini, na kwenye kila uwanja kulikuwa na kibao cha kusema hapa tunakaribisha wote. Masaa matatu watu wakazungumzia foleni za magari na mabomba ya maji taka. Rangi haikutajwa hata mara moja. Apatimenti hazikujengwa.

Kamati ya Boston ikakaidi ile sheria miaka tisa, kila mwaka sababu mpya. Ndo wazazi weusi wakaenda mahakama ya shirikisho, na tarehe 21 Juni 1974 jaji Arthur Garrity akatoa hukumu kwamba kamati imetenga watoto kwa makusudi, na akaonyesha ilivyofanya: mipaka imechorwa kiujanja, shule za wazungu zinabanana wakati shule ya pili ina viti vitupu lakini ni ya weusi, na watoto wanasafirishwa, ndiyo, kwa mabasi, kupita shule ya karibu ili tu rangi zisikutane. Kwa hiyo mabasi yalikuwepo siku zote. Yakiwa yanatenganisha hakuna aliyeyaona.

Shule zinafungua Septemba, jaji hana mpango mwingine mkononi zaidi ya ule ulioandaliwa na bodi ya elimu ya jimbo, akauamuru uanze: shule za wazungu na za weusi zibadilishane wanafunzi kwa mabasi. Na mpango ule, mimi nikiwa kama mtu wa fani nakwambia, ulikuwa wa kijinga sehemu moja kubwa: uliunganisha South Boston na Roxbury. Mtaa wa wazungu maskini wenye asili ya Ayalandi, wenye hasira kuliko wote, na mtaa wa weusi maskini, na sekondari zote mbili zilikuwa hoi. Unamwambia mzazi mtoto wako atasafiri ili akapate nini? Shule mbovu ya upande wa pili. Tarehe 9 Septemba seneta Ted Kennedy, Muayalandi mwenzao, mdogo wake na rais aliyeuawa, alijaribu kuhutubia umati pale mjini wakamzomea wakamrushia nyanya mpaka akakimbilia ndani ya jengo na kioo kikavunjwa nyuma yake. Tarehe 12 shule zikafunguliwa. Mitaa mingine mingi siku ilipita salama, hili halisemwi, lakini South Boston mabasi ya watoto weusi yakapokewa kwa mawe na matusi na ndizi, vioo vikavunjika, watoto wakaumia. Desemba mwanafunzi wa kizungu alichomwa kisu ndani ya sekondari ya South Boston, umati ukaizunguka shule, na wanafunzi weusi wakawa wamekwama ndani masaa mpaka polisi wakaleta mabasi ya kuzugia upande mmoja na kuwatorosha watoto mlango mwingine. Rais Ford yuko Washington anawaambia waandishi hakubaliani na uamuzi wa jaji. Wewe ungekuwa na jiwe mkononi ungesikia nini hapo? Aprili 1976 wakili mweusi, Ted Landsmark, ambaye alikuwa anapita tu kwenda kwenye kikao, alishambuliwa nje ya jengo la jiji na kijana aliyeshika mlingoti wenye bendera ya Marekani kama mkuki, mpiga picha Stanley Forman akainasa, ikashinda tuzo ya Pulitzer. Ndo picha iliyobaki vichwani mwa watu.

Ila tukio kubwa zaidi la mwaka 1974 halikutokea Boston na halina picha. Tarehe 25 Julai, wiki tano tu baada ya Garrity, Mahakama ya Juu iliamua kesi ya Detroit, jiji la jimbo la Michigan. Detroit shule zake zilishakuwa na watoto weusi kama thuluthi mbili na wazungu wanaendelea kuhama, jaji wa kule akafanya hesabu ya darasa la nne: ukichanganya jiji peke yake utachanganya nani na nani? Akaagiza mpango uhusishe na wilaya za shule 53 za miji ya pembeni. Michigan ikawaka, na tayari 1972 George Wallace, gavana wa Alabama mbaguzi wa kujitangaza, alikuwa ameshinda kura za mchujo za chama cha Democratic mlemle Michigan kwa kupiga kelele za mabasi, na rais Nixon naye alikwenda kwenye televisheni kuomba mabasi yasimamishwe. Nixon alikuwa ameshateua majaji wanne kati ya tisa. Matokeo yakawa 5 kwa 4: mpaka wa wilaya ya shule hauvukwi, labda uthibitishe kwamba hiyo miji ya pembeni nayo ilibagua kwa makusudi. Marshall, yule wakili wetu wa Lancaster House, sasa ni jaji wa mahakama hiyohiyo na yuko upande ulioshindwa, aliandika kwamba watoto wetu wasipoanza kujifunza pamoja hakuna tumaini kubwa kwamba watu wetu watajifunza kuishi pamoja.

Weka hizo hukumu mbili za kiangazi kimoja pamoja, dada. Ya kwanza inawaambia maskini weupe na maskini weusi wa jiji changanyikeni haraka. Ya pili inamwambia mwenye uwezo, ukihama kilometa kumi haikuhusu. Garrity mwenyewe alikuwa anaishi Wellesley, mji wa pembeni, na watu wa South Boston hawakuacha kulisema hilo, na kwa hilo, kusema ukweli, walikuwa na hoja, pamoja na ubaguzi wao wote uliokuwa unanuka. Na mwaka mmoja kabla, 1973, mahakama ilishasema pia 5 kwa 4 kwamba katiba ya nchi haidai shule zipewe fedha sawa, kwa hiyo mji unaweza kujifungia na watoto wake na kodi ya nyumba zake pia. Sasa mpaka ukawa na thamani, nyumba ya upande huu na ya upande ule zinafanana matofali lakini bei mbalimbali, tofauti ni shule. Aliyenunua kwa bei hiyo atapiga kura kulinda huo mpaka hadi kufa, na wala hana haja ya kumchukia mtu mweusi hata mmoja. Hiyo ndo siasa yenyewe. Hilo darasa la mwanao lilichorwa pale.

Umeniuliza yalifeli nini. Twende Charlotte, North Carolina. Kule jiji na miji ya pembeni yote ni wilaya moja ya shule kwa sababu za zamani za kiutawala, na kesi ya mabasi ya 1971 iliyoruhusu jambo hili nchi nzima ni ya kwao. Walipinga mwanzoni, wakatishana, wakachoka, wakakaa mezani. Hakuna pa kukimbilia, ukihama mtaa basi linakufuata, kwa hiyo hata tajiri akawa na sababu ya kutaka shule zote ziwe nzuri, manake hajui mwanae atapangwa wapi. Oktoba 1984 rais Reagan alikwenda kufanya kampeni pale akawaambia mabasi yamefeli, umati wa wafuasi wake mwenyewe ukanyamaza kimya, na kesho yake gazeti la mji likamwandikia kwamba, mheshimiwa, umekosea. Halafu mwisho wa miaka ya tisini mzazi mmoja akashitaki, jaji akasema kazi imekwisha ubaguzi umeisha, mpango ukaondolewa mwanzoni mwa miaka ya 2000, na shule za Charlotte zikarudi kujitenga. Halafu 2007 kwenye kesi za Seattle na Louisville Mahakama ya Juu ikawakataza hata wale waliotaka kwa hiari yao kutumia rangi ya mtoto mmoja mmoja kupanga shule, na jaji mkuu Roberts akaitumia hukumu ileile ya 1954 kufanya hivyo.

Na matokeo ya masomo? Kwenye mtihani wa taifa wa kusoma, vijana wa miaka 17, pengo la weusi na wazungu lilikuwa pointi zaidi ya 50 mwaka 1971, kufika 1988 limebaki kama 20. Miaka ileile ambayo mabasi yalikuwa mengi kuliko wakati wowote. Siwezi kusema basi peke yake ndo lilifanya, hela ziliongezeka, umaskini ulipungua, ila mchumi Rucker Johnson aliwafuatilia watoto wa enzi hizo mpaka ukubwani na akakuta weusi waliosoma shule zilizochanganywa walisoma miaka mingi zaidi, walilipwa zaidi, walifungwa jela kidogo zaidi, na wazungu waliosoma nao hawakupungukiwa kitu. Kwa hiyo mimi nikiulizwa kama mabasi yalifeli nasema yalifaulu pale yalipoachwa yafanye kazi na kila mtu kushirikishwa, na Boston hayakuachwa. Jiji lilikuwa na wanafunzi zaidi ya 90,000, ndani ya miaka kumi na kitu wakabaki chini ya 60,000, wazungu wengi walishahamia palepale unapopaona wewe dakika 25, ingawa wengine walikuwa wameanza kuhama kabla hata Garrity hajakalia kiti.

Usije ukadhani ni mambo ya Wamarekani tu. Tanganyika tulikuwa na shule za Wazungu, za Wahindi na za Waafrika, na serikali ya uhuru ikafuta ile mifumo mitatu kuanzia Januari 1962, kwa mkupuo, hakuna jiwe. Kwetu ilikuwa rahisi kwa sababu wazungu walikuwa wachache mno, serikali ni moja na hakuna kijiji chenye kodi ya nyumba ya kulisha shule yake peke yake. Kenya nao tume ya Ominde ya 1964 ilisema shule ziwe za kitaifa, zile za wazungu za Nairobi zikafungua milango, ila ada ikabaki juu, na ada ikafanya kazi iliyokuwa inafanywa na rangi. Wajanja wa Boston walitumia mpaka, wa Nairobi wakatumia ada.

Haya, METCO. Mwandikishe. Ni ya watoto wakazi wa Boston (na mji wa Springfield), inalipiwa na jimbo, hulipi ada, ina watoto zaidi ya 3,000, na siku hizi nafasi ni kwa bahati nasibu kwa hiyo usitegemee sana na usijilaumu ukikosa. Jaza mapema, ushahidi wa makazi uwe na jina lako, sio la mwenye nyumba. Akipata, jua kwamba basi linakuja alfajiri, mtoto wa darasa la tatu ataamka saa kumi na moja na akirudi jua linazama, msimu wa baridi hata jua hutaliona. Waulize kabla mambo haya: kuna basi la jioni akibaki kwenye mpira au klabu? Darasani atakuwa peke yake mweusi au wako watatu wanne? Mwalimu mweusi yupo hata mmoja? Kuna familia ya kule itakayompokea siku theluji imefunga barabara? Na angalia kwamba basi la METCO linaenda upande mmoja tu, asubuhi watoto wa kwenu wanatoka, hakuna wa kule anayekuja Dorchester, miaka karibu sitini sasa.

Ukiamua abaki hapohapo ulipo sitakucheka, wapo wazazi weusi wengi waliochoka kusafirisha watoto wao kwenda kukubaliwa na watu, na shule ya jiji yenye mwalimu mzuri na mkuu wa shule anayepokea simu inaweza kumfaa mwanao kuliko safari. Kikao cha wazazi usikose, na bajeti ikisomwa omba karatasi.

Na bibi wa jirani usimuulize tena habari za mabasi. Mpelekee maandazi, kisha muulize alisoma shule gani. Ataanza mwenyewe.